Wagonjwa watatu, skrini inaongeza mmoja: hesabu inapotea wapi?

Huku Pweto, kando ya ziwa Moero, kipindupindu si jina geni. Mgonjwa mwenye kufika kituo cha afya anaandikwa, kiisha hesabu inapanda mpaka zoni ya afya, Lubumbashi na Kinshasa. Mfumo wa taifa wa habari za afya unatumia DHIS2, programu inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, huko Norwe. Kurasa zake nyingi zimeandikwa kwa JavaScript, pamoja na React, chombo ambacho Facebook iliwafungulia watu wote mwaka 2013.

Programu ya namna hii inatunza hesabu mahali pamoja, kama ndani ya daftari. Skrini inalitazama daftari hilo: likibadilika, skrini nayo inajichora upya.

Shida inaanza mabadiliko yakifika mengi kwa mara moja. Tuseme wagonjwa watoto ni 3, wakubwa 4, jumla 7. Muuguzi anaona amekosea, anarekebisha: watoto 5, wakubwa 2. Jumla ni 7 bado. Lakini skrini ikijichora baada ya badiliko la kwanza tu, itaonyesha 9, hesabu ambayo haijakuwako hata siku moja. Mwenye kuangalia saa ile atashtuka bure.

Dawa yake ni kukusanya mabadiliko katika fungu moja. Ni kama mama mwenye kuuza samaki: anapima vitunga vyote kwanza, ndipo anataja bei. React ilikuwa inafanya hivyo tangu zamani mtu akibonyeza kitufe. Lakini majibu yenye kutoka kwenye rezo, kila badiliko lilichorwa peke yake, mpaka toleo la 18 lilipotoka mwezi wa tatu 2022.

Sasa, fungu nalo lina mtego. Kabla skrini haijachorwa upya, programu inaendelea kusoma hesabu ya zamani. Hesabu ni 10, wagonjwa watatu wanaongezwa pamoja. Kama amri ni "hesabu niliyoona, jumlisha 1" mara tatu, kila mara inasoma 10 ile ile. Mwisho ni 11, si 13. Wagonjwa wawili wamepotea, na hakuna onyo lolote linalotokea.

Hili si kosa lililoonekana ndani ya DHIS2. Ni mtego unaomngoja kila kijana mwenye kujifunza kuandika programu. Njia ya kuuepuka ni kuandika amri hivi: "chukua hesabu iliyopo sasa, ongeza 1". Ndani ya React inaandikwa setHesabu(h => h + 1). Hapo kila amri inaendelea pale nyingine ilipoishia, na jumla inakuwa 13.

Na kwa muuguzi? Rejista ya karatasi isitupwe. Skrini ikisema 11 na rejista 13, wahesabu tena kabla ya kutuma.