Trekta na Mwenye Nalo (2): Vumbi la Kingolwira

Wiki iliyopita tulijifunza kupima oili asubuhi, injini ikiwa bado baridi, tukafungua daftari la kuandikia saa za kazi. Leo tunaingia kwenye pumzi ya trekta. Naamini ndiyo sehemu inayoua injini nyingi za huku kwetu, nayo haihitaji fundi.

Ukitoka Msamvu, mjini Morogoro, kuelekea Dar es Salaam, milima ya Uluguru ikiwa mkono wa kulia, unaingia mashamba ya Kingolwira. Masika huanza Machi, kwa hiyo wengi hulima Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Haro ikipita, vumbi humfunika dereva hadi kope. Sasa fikiria injini. Perkins ya lita 4 hivi, iliyomo kwenye Massey Ferguson 290, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta zaidi ya lita 3,000 za hewa kila dakika. Inavuta hewa ile ile inayomkohoza dereva. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Ikichanganyika na oili inakuwa msasa, inakula ringi za pistoni. Utaona moshi wa bluu na oili inayopungua kila siku. Ukifika hapo, hela ya mavuno imeshakwenda.

Matrekta mengi ya zamani yana chujio la hewa lenye bakuli la oili. Egesha mahali tambarare, shusha plau chini, vuta breki ya mkono, zima, toa ufunguo. Fungua bakuli. Oili ikiwa nzito, au tope limejaa chini kama sentimita moja, mwaga, osha bakuli kwa dizeli, likaushe, kisha tia oili safi ya injini mpaka kwenye alama. Usizidishe hata kidogo kwa kudhani unaongeza kinga: injini inaweza kuivuta oili hiyo na kuichoma kama dizeli, ikazunguka kwa kasi usiyoweza kuizuia kwa ufunguo. Kitabu cha trekta kinaweza kusema ukague kila baada ya saa 10. Kwa vumbi la Februari, mimi nasema kagua asubuhi na mchana.

Trekta lenye chujio kavu la karatasi lina shida yake. Nimeona madereva wakilipigapiga kwenye tairi, vumbi likitoka kwa wingi, wakaridhika. Karatasi ikipasuka au mdomo wake ukipinda, hakuna tena kinachozuia mchanga. Pulizia kwa upepo mdogo wa pampu, kutoka ndani kwenda nje, kisha ingiza taa ndani yake gizani. Ukiona tundu la mwanga, nunua jipya. Papasa pia mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Ufa mdogo nyuma ya chujio unaifanya kazi yote hiyo kuwa bure, kwa sababu hewa hupita palipo rahisi.

Maji kwenye dizeli nayo ni adui, hasa kwetu tunaonunua kwa madumu. Jaza tangi jioni, usiliache nusu. Usiku wa baridi huacha umande ndani yake. Asubuhi legeza skrubu iliyo chini ya kikombe cha kutenganisha maji, acha yatoke mpaka dizeli safi ionekane. Injini ikikataa kuwaka baada ya hapo, hewa imeingia. Legeza skrubu ya juu ya filta ya dizeli, piga pampu kwa ule mkono mdogo wa pampu ya mafuta hadi mapovu yaishe, kaza. Mipira na mabomba ya nozeli usiyaguse kwa kidole injini ikizunguka, hata ukiona yanavuja: dizeli yenye msukumo ule hupenya ngozi, na mtu akipatwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Juma lijalo: grisi, maji ya rejeta na mkanda wa feni.