Mbegu za Kwetu (Sehemu ya 4): Deni letu kwa Watu wa Miti

Mvua zimerudi, na pamoja nazo picha za waheshimiwa wakishika majembe kando ya miche iliyopangwa mistari. Serikali ya Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 iliwapa wananchi siku nzima ya mapumziko ili wakapande. Siipingi kampeni hiyo hata kidogo. Nauliza tu lile nililouliza mwishoni mwa sehemu ya tatu: mbegu za miche hiyo ziliokotwa na nani, na chini ya mti gani?

Wako wanaodhani kwamba kuokota mbegu za miti ya asili kwa kujitolea ni jambo lililoletwa juzi na mashirika ya wafadhili. La hasha. Jambo hili lina zaidi ya miaka 100 hapa kwetu, na lilianzia Kikuyu.

Mnamo Julai 22, 1922, Richard St. Barbe Baker, afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni, pamoja na Chifu Josiah Njonjo, waliitisha ngoma. Wakikuyu walikuwa na ngoma za kupanda na ngoma za kuvuna, lakini ngoma ya miti haikuwapo, kwa kuwa kuotesha miti kulihesabiwa kazi ya Mungu mwenyewe. Maelfu ya vijana walihudhuria. Hamsini wakateuliwa, wakaapa mbele ya Ngai, Mungu wao, kuulinda msitu wa asili, kupanda miti kumi ya asili kila mwaka, na kuitunza miti popote waionapo. Wakajiita Watu wa Miti. Chama hicho kilivuka bahari hadi Uingereza mwaka 1924, na kingali hai kwa jina la International Tree Foundation.

Hebu tukipime kiapo kile. Mtu aliyeahidi miti kumi ya asili alikuwa ameahidi kwanza kujua mutamaiyu, mzeituni wa mwitu, huiva lini, mtarakwa upi una mbegu nzima na upi una maganda matupu, na ndege gani humtangulia kuzila. Hakuwa na duka la kumuuzia. Ilimbidi aende msituni, arudi tena, aangalie juu. Maarifa hayo ndiyo tuliyoyaacha yapotee, na hakuna bajeti ya serikali inayoweza kuyanunua kwa msimu mmoja.

Haki nayo isemwe. Baker aliitumikia serikali iliyowapokonya watu ardhi, na misitu ile ilikuwa ikifyekwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi na mashine za mbao. Ni utawala huohuo ulioleta mkaratusi mwaka 1902 ili garimoshi lipate kuni. Hata hivyo sifa zote zimemwendea yeye, na wale vijana hamsini hatuwataji. Taifa linalomkumbuka aliyeitisha ngoma na kuwasahau waliopanda limejinyima walimu wake.

Miaka 55 baada ya ngoma ile, Juni 5, 1977, Wangari Maathai alipanda miti saba Kamukunji, Nairobi. Mengi juu yake tuliyaeleza katika sehemu ya pili, kwa hiyo naongeza moja tu. Kina mama wa vuguvugu lake la Green Belt walipoambiwa kwamba miche hukuzwa na wenye diploma, walirudi kwenye akili zao za shambani: wakaokota mbegu za miti ya jirani, wakaziotesha kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, na walichoona kimefaulu wakamfundisha mwenzao. Malipo yalikuwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Nani kati yetu wasomi angeifanya kazi hiyo kwa ujira huo?

Nafasi inanibana, nami bado sijafika kwenye vitalu vya leo. Kwa kifupi, basi. Kikundi cha kanisa, cha skauti au cha akiba na mikopo kinachotaka kuanza kisiokote mbegu zote chini ya mti mmoja ulio karibu na barabara, maana miche yake itakuwa ndugu, na ugonjwa mmoja unaweza kuimaliza yote. Tafuteni miti mama mingi, iliyoachana mita 50 hadi 100, na msichukue zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya mbegu zilizoiva. Nyingine ni riziki ya ndege na ya msitu wenyewe. Andikeni tarehe na mahali. Msitu wa serikali una wenyewe, ombeni ruhusa. Kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ina wazee wake, nao waombwe vilevile.

Mbegu nazo hazihifadhiwi kwa namna moja. Mti wa muiri hausubiri. Mbegu yake ikikauka hufa, kwa hiyo ioshwe nyama, ikae kivulini, isiwekwe juani kama mahindi, na ifike kitaluni kabla ya wiki kupita. Mutamaiyu ni kinyume chake: kokwa yake ngumu huweza kukaa ardhini muda mrefu bila kuchipua isipopasuliwa kwa uangalifu. Namna ya kuipasua bila kuumiza kiini ndiyo mada ya sehemu ya tano. Atakayezipata kokwa kabla ya hapo aziondoe nyama, azianike kivulini na kuziweka kwenye mfuko wa kitambaa.