Mgonjwa akizua vurugu, kamba si dawa

Je, msomaji, umewahi kumfikisha mtu wako hospitalini usiku huku anapiga mateke na kumtukana kila anayemsogelea? Yalinikuta mimi na mjomba wangu. Jasho lilikuwa likimtiririka, na mwanawe akamwita kwa jina la marehemu babake. "Amelewa huyu," askari wa mlangoni wakasema, wakamfunga kwenye machela kwa bandeji.

Mjomba hajawahi kuonja pombe. Ana kisukari. Muuguzi mmoja alipomdunga kidole na kupima damu, akakuta sukari imeshuka mno. Alipotiwa glukosi mshipani, haukupita muda akauliza kwa upole ni nani aliyemfunga. Hakuna aliyemjibu.

Ujue basi kwamba fujo aghalabu huwa ni dalili. Malaria ikipanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, upungufu wa hewa, kuacha pombe ghafla, hata kibofu kilichojaa kwa mzee asiyeweza kukojoa, vyote hivyo humfanya mtu mpole agombane na kuta. Ukimfunga bila kumpima, umeufunga ugonjwa pamoja naye.

Isitoshe, kamba zenyewe hudhuru. Mgonjwa hushindana nazo hadi akachubuka. Akilazwa kifudifudi na kukandamizwa anaweza kukosa pumzi akafa, na akikaa sana bila kujongea damu huweza kuganda miguuni.

Je, kuna njia gani nyingine? Mwaka 2012 madaktari wa Marekani wanaoshughulikia dharura za akili walichapisha mwongozo ambao hauhitaji mashine yoyote. Simama umbali wa mikono miwili. Usimzibie mlango. Aongee mtu mmoja tu, kwa maneno machache, ajitaje jina, kisha arudie bila kuchoka. Msikilize anataka nini, umpe cha kuchagua: maji au chai, kuketi au kulala? Mara nyingi mazungumzo haya hayachukui hata dakika 10. (Kufunga mtu mzima mwenye nguvu huchukua watu watano, nao wanaweza kuumia.) Dawa ya kumtuliza ikihitajika, aulizwe kwanza kama atakubali kumeza kidonge kabla ya kufikiria sindano.

Sikatai kwamba zipo nyakati ambapo mtu ameshika kisu na maneno yamekwisha. Hapo hata kumshika huwa kwa muda mfupi, akiwa chali, na muuguzi akimtazama wakati wote.

Nawe uliyemleta una kazi. Msijae watu saba kumzunguka, mkilia. Sema mapema anaugua nini, anameza dawa gani na alikula lini, kisha omba apimwe sukari. Sisi usiku ule tulikuwa tukibishana na askari, tukasahau kutaja kisukari.

Siku hizi mjomba hubeba kikaratasi katika mfuko wa shati. Kimeandikwa kwa herufi kubwa: NINA KISUKARI. SIJALEWA.