Lifti ya Gari Chini ya Dari Fupi

Mwenye gereji nyumbani anayewaza kununua lifti huanza kwa kupima dari. Akikuta mita 2.5 anashusha pumzi, anarudi kwenye jeki na stendi zake, na habari ya lifti inaishia hapo. Naona anaacha mapema mno. Kipimo cha dari peke yake hakitoi jibu. Chukua kimo cha dari, toa kimo cha gari, kisha toa sentimita 10 nyingine za tahadhari. Kinachobaki ndicho kiasi ambacho gari linaweza kupanda, na mara nyingi kinatosha kwa kazi nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Tuchukue magari mawili yanayoonekana kila siku katika barabara zetu. Toyota IST ina kimo cha takriban mita 1.53. Chini ya dari ya mita 2.5 inaweza kupanda sentimita 87 hivi. Prado ya muundo wa 150, yenye kimo cha mita 1.88 hivi, inabakiwa na nusu mita tu. Nusu mita inasikika ndogo, lakini Prado ikiwa bado sakafuni mvungu wake tayari una zaidi ya sentimita 20, kwa hiyo ikipanda nusu mita mvungu unafika sentimita 70. Kitovu cha tairi kinakuja usawa wa kifua cha mtu aliyeketi kwenye kigoda. Hapo breki, shokapu, boljointi na bushi vinafikika bila kupiga magoti, na anayelala kwenye ubao wa magurudumu anamwaga oili au kufungua propela shafti akiwa na nafasi ya kunyoosha mikono. Asichoweza ni kusimama chini ya gari. Kusimama kunataka dari ya mita 3.3 hadi 3.6 kutegemea gari lenyewe, na mtu akishakubali kwamba atafanya kazi ameketi, anapata lifti kadhaa za kuchagua.

Upimaji wenyewe una mitego. Pima kutoka pale lifti itakapokaa hadi kitu kilicho chini kuliko vyote: taa, feni, boriti, boksi la shata, au reli za mlango unaopanda na kulala chini ya dari. Kama gari lina keria, kimo chake halisi ni kimo cha keria. Kisha fungua boneti na upime ncha yake, kwa sababu kazi nyingi za injini zinahitaji mikono juu na chini kwa wakati mmoja, na boneti iliyo wazi ndiyo itakayogonga dari kabla ya paa. Mlango wa nyuma wa IST hufunguka kwenda juu, wa Prado hufunguka kando. Kwa hiyo IST iliyopandishwa hadi mwisho inaweza ikakunyima buti, na vifaa ulivyoviacha humo vikakaa humo hadi uishushe.

Lifti ya nguzo mbili, ile inayopatikana karibu kila gereji kubwa, haitufai hapa. Yenye mtambaa wa juu unaounganisha nguzo ina kimo cha mita 3.5 na zaidi. Yenye bamba linalopita sakafuni ni fupi, lakini nguzo zake nazo kwa kawaida hufika karibu mita 2.8. Nimesikia watu wakishauriana kuzikata. Tafadhali usikubali. Ndani ya nguzo kuna silinda, kebo au minyororo na ngazi za kufuli, vyote vimepangwa kwa urefu ule ule, na hakuna fundi wa kuchomelea anayeweza kukuhakikishia kilichobaki kitabeba tani mbili. Zipo lifti za nguzo mbili zilizotengenezwa fupi tangu kiwandani, zinazopandisha gari takriban mita 1.2 na ambazo nguzo zake hufunguliwa na kuwekwa pembeni kazi ikiisha. Hizo ni za kweli, ila zinadai sakafu nzuri, na sakafu nitaieleza kwa kirefu.

Ya nguzo nne inaingia, maana nyingi za nyumbani zina nguzo za mita 2.1 hadi 2.3. Gari linapanda juu ya njia mbili za chuma na kusimama kwa matairi yake. Ni tulivu na ni rahisi kutumia, na kwa oili, ekzosi na giaboksi haina shida. Lakini zile njia zina unene wa sentimita 10 au zaidi unaokula kimo chako, na kwa kazi ya breki utahitaji jeki ya pili ya kukaa katikati yake ili matairi yaachie. Wengi huinunua wakitaka kuegesha gari moja juu ya jingine. IST mbili pamoja na chuma kilicho kati yake zinataka zaidi ya mita 3.1, kwa hiyo mwenye dari fupi asinunue kwa sababu hiyo.

Lifti ya mkasi ya kimo cha kati hupandisha gari kati ya sentimita 90 na mita 1.2, na ikishuka inabaki na sentimita 10 au 11 tu juu ya sakafu. Haina nguzo, na unaweza kuisimamisha popote njiani mradi kuna ngazi ya kufuli. Udhaifu wake uko katikati ya gari: mikono ya mkasi inaziba pale pale ekzosi, giaboksi na propela shafti zilipo. Kwa matairi, breki na bodi ni nzuri sana. Kwa mtu anayeshusha giaboksi mara kwa mara itamchosha.

Ninayoipendekeza zaidi kwa dari ya mita 2.4 hadi 2.6 ni ile ya fremu mbili zisizoungana, kila moja inalala upande wake chini ya gari na kuinuka kwa haidroliki. Ikilala huwa na kimo cha sentimita 8 hivi, na inapandisha gari sentimita 50 hadi 60. Katikati panabaki wazi kabisa. Matairi yananing'inia. Kazi ikiisha fremu zinatundikwa ukutani na gereji inarudi kuwa maegesho. Jambo moja wauzaji hawalisemi: fremu hizi huinuka kwa kufuata upinde, kwa hiyo gari husogea mbele au nyuma kadiri linavyopanda. Acha nafasi mbele ya bampa, hasa kama ukuta au rafu ya vifaa iko karibu.

Sasa sakafu, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu dari fupi itakuharibia ratiba ya kazi lakini sakafu dhaifu inaweza kuangusha gari juu ya mtu. Watengenezaji wengi wa lifti za kufungwa kwa bolti hutaka zege lenye unene usiopungua sentimita 10 na nguvu ya takriban megapaskali 21, lililokaa siku 28 tangu kumwagwa. Sakafu nyingi za nyumba zimemwagwa kwa mchanganyiko wa 1:2:4, ambao maji yakizidi, na mara nyingi huzidi, unaweza usifike hapo. Juu yake huja plasta ya sentimita 3 au 5, kisha marumaru. Mtu akipima pembeni mwa mlango anaona sentimita 12 na kufurahi, kumbe zege lenyewe ni sentimita 7. Bolti inayojitanua lazima ishike zege la kubeba mzigo. Ikishika plasta, itang'oka na kipande chake.

Fikiria nguzo mbili zilizobeba gari la tani mbili. Kila nguzo ina tani moja, lakini tani hiyo haiko juu ya nguzo. Iko kwenye ncha ya mikono, karibu mita moja kuelekea katikati. Nguzo inataka kuangukia ndani, na bolti za upande wa nje ndizo zinazovutwa juu kuizuia. Ndiyo maana unene wa zege, umbali kutoka kwenye ufa na umbali kutoka ukingoni mwa sakafu vimeandikwa kwenye kitabu cha kila lifti, na ndiyo maana fremu mbili au lifti ya mkasi, ambazo hubana sakafu kwenda chini tu, zinavumilia sakafu ambayo nguzo mbili haziwezi kuvumilia. Bado nazo zinataka sakafu iliyo sawa na isiyobonyea. Toboa tundu kwenye kona iliyofichika, pima zege hadi udongo, kisha uzibe tena. Kama zege halitoshi, vunja kipande mahali pa nguzo na umwage upya zege nene lenye nondo. Na kama gereji iko juu ya chumba kingine, katika ghorofa, mwite mhandisi wa majengo kabla ya yote.

Wapo wanaotaka kupata kimo kwa kuondoa dari ya jipsamu na kukata boriti la chini la kenchi. Boriti hilo ndilo linalozuia miguu ya kenchi isitanuke na kusukuma kuta nje. Likikatwa, paa linaanza kulala taratibu. Upande wa pili wapo wanaochimba shimo, kama mashimo ya gereji nyingi za mjini. Shimo halijali dari, na kwa gari refu kama Hiace linavutia. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo cheche moja ya taa au mashine ya kusaga inatosha kuuwasha mtu akiwa humo. Pia katika maeneo ambayo maji ya ardhini yako karibu, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, litakuwa kisima kila masika. Mimi nisingelichimba chini ya nyumba watu wanamolala.

Umeme uulize mapema. Nyumbani kwetu ni njia moja, na lifti nyingi za gereji kubwa zinataka njia tatu. Lifti iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ina mota ya hezi 60. Kwenye hezi 50 za Afrika Mashariki itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na inaweza kupata moto. Baadhi ya fremu mbili zina pampu ya volti 12 inayotumia betri ya gari, na mahali ambapo umeme hukatika hilo lina thamani kubwa.

Mafuta ya haidroliki kazi yake ni kupandisha. Kushika gari lisishuke ni kazi ya kufuli za chuma, na mtu asiingie mvunguni kabla gari halijashushwa likakaa juu ya kufuli hizo. Unaponunua, tafuta kibao cha kiwango: EN 1493 kwa za Ulaya, ANSI/ALI ALCTV kwa za Marekani. Lifti iliyotumika isiyo na kibao wala kitabu cha vipimo iache hata bei ikiwa nzuri, kwa kuwa huwezi kujua sehemu za kuweka bolti wala uzito wake wa mwisho.

Kwa nyumba yenye IST na Prado chini ya dari ya mita 2.5, ningechukua fremu mbili zenye uwezo wa tani 3, kwa sababu Prado pekee ina uzito wa zaidi ya tani 2 kabla ya mizigo. Ningetoboa lile tundu la kona kabla ya kulipa chochote. Ikifika, ningeipandisha tupu mara kadhaa ili hewa itoke kwenye mabomba, kisha ningeweka IST, nikaiinua sentimita 10, nikaitikisa kwa bampa na kuzunguka kukagua kila mpira wa kubebea gari ulivyokaa kwenye sehemu za kupigia jeki ambazo mtengenezaji amezionyesha. Prado ina chesisi, IST haina, na sehemu hizo hazifanani.