Jeli ya Julai: soko la mafuta ya kujipaka Kamere

Kati ya Juni na Agosti, jeli ya kujipaka haikai nyuma ya rafu Kamere. Mtaa huu ulio kusini mwa Ziwa Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake, uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Wafanyakazi wa mashamba ya maua huamkia baridi hiyo alfajiri. Midomo inapasuka, mikono inapauka, visigino vinaota magaga.

Kwa muuzaji, msimu huu una kasoro moja: unamkuta mteja mfuko umekonda. Waridi la Naivasha hupata soko zuri Ulaya wakati wa Valentine na Siku ya Mama ya Mei. Kiangazi cha huko kikifika, bustani zao wenyewe zinachanua na bei katika mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, hulegea. Huku kwetu saa za ziada hupungua, na kibarua hana uhakika wa kuitwa kesho. Hapo ndipo uchumi wa kadogo unapofanya kazi. Mkebe mdogo ndio unaotoka haraka, ingawa gramu kwa gramu ni ghali kuliko ule mkubwa. Mwenye pesa ya leo tu hanunui ya mwezi mzima.

Nyuma ya mkebe huo kuna majina mazito. Vaseline, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka wa 1872, sasa ni mali ya Unilever. Mwaka wa 2013 L'Oréal ya Ufaransa iliinunua Nice & Lovely, chapa iliyokuzwa na Mkenya, Paul Kinuthia; kampuni ya Paris haiji kutafuta soko lisilo na faida. Malighafi ya jeli ni zao la mafuta ghafi, nayo huagizwa kutoka nje kwa dola. Shilingi ilipoporomoka hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024, mwenye kiwanda alikuwa na njia mbili: kupandisha bei au kupunguza ujazo. Ongeza VAT ya asilimia 16, na ile jeli ya bei ya chini haibaki ya chini sana.

Sasa tumtazame mteja mwenye ngozi inayoudhika upesi. Huyu soko halimtendei haki. Jeli haiongezi maji mwilini. Kazi yake ni kuziba ili unyevu uliopo usitoroke. Ndiyo maana hufaa ipakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na umajimaji. Gliserini, kwa upande wake, huvuta maji. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji manukato, na manukato ni miongoni mwa vitu vinavyowasha ngozi ya aina hii mara nyingi. Lakini mnunuzi dukani hufungua kifuniko na kunusa kwanza. Kiwanda kikitoa jeli isiyonukia, kinashindwa palepale kaunta. Kwa hiyo anayeumia analipia kinachomuumiza, kisha anakwenda kuoga maji moto sana kwa sabuni ya kipande, akiondoa mafuta ya asili yaliyosalia.

Wajanja wamekwepa kaunta ya vipodozi. Arimis, jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, imehamia nyuso za watu wa nyanda za juu miaka mingi, na hakuna anayeona haya tena. (Waliokwenda shule za bweni wanaijua.) Kibaya kuliko manukato ni krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni, ambazo Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limezipiga marufuku, kwani ngozi iliyokwisha kuchubuliwa haistahimili upepo wa ziwani.

Kuna baridi nyingine isiyofuata kalenda. Waridi lililokatwa huhifadhiwa katika vyumba vya nyuzi chache tu juu ya sifuri, na anayefanya kazi humo na mikono yenye maji ana kipupwe cha mwaka mzima. Mapema miaka ya 2000, shamba la maua la Oserian, jirani wa Kamere, lilianza kutumia joto la ardhini la Olkaria kupasha vibanda vyake vya maua ili maua yasishikwe na unyevu usiku. Ua lilipashwa joto kwa mvuke; mchumaji alikuja na sweta yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Glavu zinaingia humo bila ubishi. Jeli, kwa kawaida, mfanyakazi hujinunulia. Kwa maoni yangu hapo ndipo kuna biashara ambayo viwanda vya Nairobi havijaichangamkia vya kutosha: jeli isiyo na manukato, ya chombo kikubwa chenye pampu, inayouzwa kwa shamba kwa bei ya jumla na kuwekwa kando ya sinki la kunawia. Meneja wa ununuzi hanusi kifuniko. Anaangalia bei ya kilo na siku za kazi zinazopotea kwa mikono iliyopasuka.