"Na Wenzake": Sarufi ya Urejeleaji na Uzito wa Utafiti wa Jinja na Mbale

Mtafiti wa leo hupimwa kwa idadi ya machapisho yake na kwa mara ambazo machapisho hayo yanarejelewa na wengine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch aliunganisha hesabu hizo mbili katika kipimo kiitwacho h. Mtafiti mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10. Kwa hiyo h haiwezi kuzidi idadi ya makala alizoandika mtu. Peter Higgs, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2013 kwa kazi ya mwaka 1964, aliandika makala chache mno baada ya hapo. Kwa kipimo hiki angehesabiwa miongoni mwa watafiti wa kawaida.

Fizikia ya chembe imeonyesha pia udhaifu wa aina nyingine. Mwaka 2015 vikundi vya ATLAS na CMS, vinavyofanya kazi CERN, vilichapisha kwa pamoja makala kuhusu tungamo la chembe ya Higgs. Kati ya kurasa zake 33, kurasa 9 tu ndizo zilizobeba utafiti wenyewe. 24 zilijaa majina ya waandishi 5,154 na taasisi zao. Makala hiyo hurejelewa kama "Aad na wenzake". Georges Aad ametangulizwa na alfabeti, wala si na ukubwa wa mchango wake.

Hapa ndipo sarufi inapohusika. Kifupisho cha Kilatini *et al.* kina maana ya "na wengine" tu, hakina mmiliki. Kiswahili cha kitaaluma kimezoea kukifasiri kwa "na wenzake". Neno "mwenzi" linadokeza usawa, lakini kiambishi "-ake" kinawafunga wenzi wote kwa mtu mmoja, wakawa wake. Msomaji asiyejua orodha ilivyopangwa ataelewa kwamba yupo kiongozi na wapo wafuasi.

Jinja inatoa mfano wa mwandishi asiyehitaji kifupisho hicho. Utafiti wa samaki wa maji baridi ulianza huko mwaka 1947 chini ya taasisi iliyohudumia Afrika Mashariki nzima. Ni katika mji huo Richard Ogutu-Ohwayo alikofanyia kazi yake, na mwaka 1990 akachapisha, akiwa mwandishi pekee, makala kuhusu kupungua kwa samaki wa asili katika maziwa ya Victoria na Kyoga. Alieleza jinsi uvuvi wa kupita kiasi na samaki wageni waliopandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 walivyobadili maziwa hayo. Sangara, yaani mbuta kwa Wajaluo na empuuta kwa Waganda, aliwala furu, ambao Waganda huwaita nkejje; ngege alikuwa amekwisha kudhoofishwa na uvuvi na ushindani wa sato mgeni. Makala hiyo bado hurejelewa na wanaikolojia wa mabara mengi, na kila mara jina la Ogutu-Ohwayo huonekana zima.

Mbale ni kinyume chake. Hospitali ya Rufaa ya Mbale ilikuwa mojawapo ya hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania zilizoshiriki jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011. Jaribio lilihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa walikufa kwa takriban asilimia 10.5 katika saa 48 za kwanza. Wasiopewa, asilimia 7.3. Tiba iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa inaua. Makala hurejelewa kama "Maitland na wenzake", kwa kuwa Kathryn Maitland, aliyeongoza utafiti kutoka Kilifi, ndiye wa kwanza. Peter Olupot-Olupot wa Mbale ni wa tano. Katika kila rejeleo lililofupishwa yeye yumo ndani ya "-ake".

Ni kweli kwamba hifadhidata humhesabia Olupot-Olupot rejeleo hilo sawasawa na Maitland. H yake haipungui. Linalopungua ni kuonekana kwa Mbale machoni pa msomaji, na hilo halina tarakimu. Isitoshe, hesabu haitofautishi anayekubali na anayepinga. Matokeo ya FEAST yalizua ubishi mkali miongoni mwa madaktari, na kila makala ya kuyapinga iliyoyataja iliyaongezea rejeleo moja, sawa na makala ya kuyaunga mkono.

Wahariri wa majarida ya Kiswahili wana nafasi ambayo wahariri wa fizikia ya chembe hawana: orodha zetu za waandishi ni fupi. Majina yote yanaweza kutajwa katika rejeleo la kwanza, na baadaye kufupishwa kwa "na wengine". Pale ambapo mpangilio wa majina ni wa alfabeti, tanbihi ya sentensi moja inatosha kulisema hilo.