Nusura niuze kiwanja cha Makambako!

Ilikuwa 2019, stendi ya Makambako. Baridi inakata masikio, nimejikunyata ndani ya koti nasubiri gari la Njombe. Mara mshikaji wangu mmoja akanivuta pembeni, ananong'ona kama ana siri ya serikali.

"Kaka, uza kile kiwanja chako. Twende Chato tukajenge gesti. Neema yote iko kule!"

Msomaji wangu, usicheke. Jamaa hoja alikuwa nayo. Chato, mji mdogo kando ya Ziwa Victoria mkoani Geita, ndiko alikozaliwa Rais John Magufuli. Alipoingia Ikulu mwaka 2015, mji ukaanza kung'ara: uwanja wa ndege wenye njia ya kurukia ya kilometa 3, hospitali ya rufaa ya kanda, taa za kuongozea magari. Mwaka huohuo wa 2019 ikaja Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Sasa sisi wa Makambako, rais wetu nani?

Nilibaki kidogo tu niingie mkenge. Usiku nikaikumbuka Gbadolite, kule kaskazini mwa Kongo. Mobutu Sese Seko alikiinua kijiji hicho cha msituni, akajenga majumba ya marumaru na uwanja ambao hata Concorde ilitua. Mei 1997 akakimbia nchi, Septemba akafia Morocco. Majumba yaliporwa, yakageuka magofu.

Asubuhi nikamwambia mshikaji: nenda salama.

Makambako haijawahi kutoa rais, lakini ina njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapa, na hapohapo inachepuka ya Njombe na Songea. Reli ya Tazara, kilometa 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo inapita hapa. Mbao, viazi na parachichi za Njombe zitapita wapi kama si hapa? Rais awe wa Butiama au wa Kizimkazi, dereva wa lori atasikia njaa tu!

Machi 17, 2021, Magufuli akafariki, akazikwa Chato. Miezi michache baadaye simu ikalia. "Kaka, misafara imekatika. Vyumba nalala na popo." Sikumcheka. Hospitali ile inatibu watu mpaka leo, na hakuna mwenye akili atakayeombea ifungwe. Lakini gesti ya kungojea wageni wa mkubwa ni kitu kingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hiyo wewe kijana unayesaka kiwanja, usiulize mkubwa gani katoka hapo. Uliza barabara inakwenda wapi, na kesho nani atashuka kununua.

Mimi kiwanja changu sasa kina fremu mbili. Moja inauza vipuri. Ya pili ni ya chipsi, na mwenyewe ni mshikaji yuleyule. Kodi analipa, ila mpaka nimfuate!